Siku Njema ya Kufungua Katoni

Saa tatu asubuhi, Jumatano, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya nyumba ya Jumadi, nyuma ya soko la mji wa Klaten, kisiwani Java, na katoni tatu zikashushwa. Baada ya hapo mashine tatu za zamani zilipakiwa kwenye gari hilohilo, zimefungwa katika shuka ambayo Rusmiyati, mke wa Jumadi, aliomba irudishwe. Haikurudishwa.

Mashine hizo za zamani ndizo zilizoilisha nyumba. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, Jumadi alipanga televisheni tatu za mgongo mkubwa kwenye chumba cha mbele, akaziunganisha na mashine za gemu, akatandika mikeka, akaanza kukodisha gemu kwa saa. Watoto hawakuwa wateja wake. Watoto walikwenda kwenye kompyuta, karibu na stendi. Waliokuja kwake ni wanaume wa makamo waliopunguzwa kazi siku moja na yeye, na walikuja kwa ajili ya kitu kimoja tu: diski ya zamani ya gemu ya mpira wa miguu, ya magendo, ambayo wanafunzi fulani wa mji wa jirani waliichakachua wakaingiza sauti za watangazaji wa Kijava. Mtangazaji wa diski ile alikuwa hana adabu. Mchezaji akikosa goli, aliambiwa mguu wake ni wa kuazima na mwenyewe anautaka. Kipa akifungwa, watu waliombwa wamtafute msalani. Wanaume wale waliyajua maneno yote kwa moyo, na bado walicheka.

Mtaa mzima uliziita mashine zile Bonge. Zilikuwa nene, zilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na ilibidi zikalishwe juu ya vizibo vya soda ili zipate hewa kwa chini. Lakini zilikuwa hazichagui. Ukizipa diski mpya zilicheza, ukizipa ya zamani zilicheza. Kasoro yao ilikuwa moja, nayo ilimwangukia Rusmiyati. Nyumba ilikuwa na umeme wa wati mia tisa, kama nyumba zote za mtaa. Bonge tatu zikiwaka na yeye akachomeka sufuria ya umeme ya wali, swichi kuu ya barazani ilianguka, tek, nyumba nzima ikanyamaza, kisha chumba cha mbele kikaanza kumwita Bu, yaani mama.

"Bu Rus, tulikuwa tunapiga penalti."

"Wali wako umetufunga goli, Bu."

"Mwacheni mama wa watu apike. Si unaona Jumadi alivyokonda?"

Rusmiyati aliwahi kupika wali huku akitoka mara nne kwenda kuinua swichi. Kwa hiyo ni yeye aliyezitafuta Nyembamba. Zilikuwa ni mashine zilezile za kampuni ileile, zimeundwa upya: wembamba wa kitabu, umeme nusu, kelele hakuna, na bei chini ya ile waliyonunulia Bonge zikiwa mitumba. Duka lilikubali kuchukua za zamani kama sehemu ya malipo. Rusmiyati aliuliza maswali yote aliyoyajua: umeme kiasi gani, pedi ngapi, waya urefu gani. Swali moja hakuliuliza, kwa sababu haikumjia mtu yeyote akilini kwamba kitu kipya kinaweza kushindwa kazi ya kitu cha zamani.

"Jaribuni mapema, Bu," alisema Faris, muuzaji wa duka, kabla hajapanda gari. "Waranti ya kubadilishiwa ni wiki moja tu."

Jumadi alikuwa ameshika kisu cha kukatia utepe wa katoni. Mbah Kasno, yaani Babu Kasno, baba yake Rusmiyati, akakohoa.

Mzee huyu aliishi chumba cha nyuma, na mtaa ulimheshimu kwa jambo moja: hesabu ya siku, ile ya Kijava inayounganisha siku saba za wiki na siku tano za soko, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon. Watu walimjia kuuliza siku ya kuozesha binti, siku ya kuchimba kisima, siku ya kupeleka ng'ombe mnadani.

"Leo ni nini?" aliuliza.

"Jumatano, Mbah."

"Jumatano nini?"

Jumadi akashusha kisu. "Pahing."

"Na wewe umezaliwa Alhamisi Wage. Jumlisha mwenyewe uone inaangukia wapi. Nuhusi tupu. Ukifungua leo, unafungua njia ya hasara."

"Basi Ijumaa hii."

"Ijumaa hii ni Wage. Hiyo ya kuzikia. Ngoja Ijumaa ya wiki ijayo, Legi. Tufanye kisomo, tulishe watu, ndipo mkate utepe. Kabla ya hapo katoni zisiguswe."

"Mbah, chumba kifungwe siku zote hizo? Tutakula nini?"

"Mtakula mlichokuwa mnakula kabla umeme haujafika."

Rusmiyati alimtazama mumewe. "Baba, muuzaji kasema waranti ni wiki."

"Waranti inalinda na mashine mbovu," alisema mzee. "Siku njema inalinda mashine isiwe mbovu. Mkiwa na hii, ile ya nini? Au mmesahau ya ile televisheni?"

Hawakusahau. Mwaka wa kwanza waliwasha televisheni mpya bila kumwuliza, na radi ikaiunguza wiki ileile. Radi hiyo ilipiga nyumba saba za mtaa, na tano kati yake hazikuwa zimewasha kitu chochote kipya, lakini habari hizo hazikuwahi kuingizwa kwenye hesabu. Jumadi alikirudisha kisu jikoni. Katoni zilipangwa juu ya kabati, zikafunikwa kanga kuukuu zisiingie vumbi.

* * *

Wateja walipita kila jioni kuzitazama.

"Hazijaiva?" aliuliza Pak Darsono, yaani Bwana Darsono, akichungulia mlangoni. Alikuwa msimamizi wa zamu katika idara ya kufuma. Sasa aliendesha riksho ya pedeli, baiskeli ya matairi matatu ya kubeba abiria.

"Ijumaa Legi, Pak."

"Mimi mke wangu sikumsubiri hivi."

Darsono ndiye mteja aliyeshika chumba. Alikuwa na kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia mchezo, aliyoiweka ndani ya kopo la tumbaku, katika mfuko wa shati. Ndani ya kadi hiyo mlikuwa na timu aliyoijenga tangu kiwanda kifungwe, na wachezaji wote aliwabadilisha majina. Kipa alikuwa fundi wa mitambo. Mabeki walikuwa watu wa zamu ya usiku. Jumadi alicheza winga ya kushoto. Wawili katika kikosi hicho walikwisha kufa, na Darsono alikataa kuwauza, ingawa magoti yao kwenye mchezo yalikuwa mabovu. Pale alipokaa Darsono, wenzake nao walikaa. Rusmiyati alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua bei ya mchele: Darsono akihama, chumba kimekwisha.

Alhamisi, kesho yake ikiwa ndiyo siku, Mbah Kasno aliingia uani ameshika jogoo mkubwa miguu juu.

"Huyo katoka wapi, Baba?"

"Kuna mtu nimempigia hesabu ya siku. Anataka kufungua kabiashara kake."

"Biashara gani?"

"Mhesabu siku haulizi shughuli. Ukiuliza, hesabu inapinda."

Rusmiyati alimpima jogoo kwa mkono. Alikuwa hajajua atapata wapi kuku wa kisomo, kwa kuwa pesa ya mwisho Jumadi alinunulia diski moja mpya halali, ya mbio za magari, ili mashine zisizinduliwe mikono mitupu. Alimshukuru baba yake, akamshukuru na huyo mtu asiyemjua, akaenda kuchemsha maji.

* * *

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, wanaume ishirini na kitu walikaa kwenye mikeka kuizunguka sinia. Wali wa manjano ulisimama katikati umechongoka kama mlima, na jogoo amelala ubavuni mzimamzima, kichwa kimeinamishwa kama anayesujudu. Imamu Muhsin aliomba mashine zidumu, zilete riziki, na ziepushwe na husuda. Pak Wiryo, mstaafu wa posta aliyefuga kuku kichochoro cha pili, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Alikula paja. Kisha akachukua fungu lake la kwenda nalo nyumbani, akaomba radhi.

"Niwieni radhi, nina kajambo kadogo nyumbani."

"Kuku wanakungoja?" mtu alimtania.

"Kuku na watu," alisema Pak Wiryo, akaenda.

Jumadi alikata utepe. Mbah Kasno alibonyeza kitufe cha kwanza yeye mwenyewe, kwa kidole gumba. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Hakuna kilichonguruma.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Mbona haisemi?"

"Huo ndio ustaarabu," alisema Jumadi.

Rusmiyati alikuwa jikoni. Alichomeka sufuria ya wali, akakunja mikono, akasikiliza. Mashine tatu zilikuwa zinawaka. Swichi haikuanguka. Alisubiri kidogo, akachungulia barazani kuhakikisha, akarudi. Kwa muda huo mfupi alikuwa mwanamke aliyepata alichotaka.

Chumba cha mbele, Darsono alipewa heshima ya pedi ya kwanza. Alitoa kopo la tumbaku, akatoa kadi, akainama mbele ya mashine. Alipapasa uso wa mashine kwa kidole, kushoto, kulia, chini.

"Jumadi, mdomo wake uko wapi?"

Jumadi naye akapapasa. Wakaigeuza. Nyuma kulikuwa na tundu za waya, lakini hakuna hata moja iliyolingana na kadi.

"Labda kadi si lazima," alisema Jumadi. "Tuanze na diski."

Diski ya watangazaji iliingia. Mashine ilivuta, ikafikiri, maandishi mafupi ya Kiingereza yakatokea kwenye kioo, kisha diski ikarudishwa nje taratibu, kama mtu anayerudisha sahani aliyoletewa kwa makosa. Walijaribu mashine ya pili, kisha ya tatu. Walifuta diski kwa shati, kwa msuli, kwa pamba na spiriti. Ilirudishwa kila mara kwa upole uleule.

"Nirudie dua?" aliuliza Imamu.

"Dua ilikuwa nzuri, Imamu," alisema Darsono. "Hii ni mashine ya wenye meno mapya. Haitafuni cha zamani."

Jumadi aliweka ile diski ya mbio za magari. Hiyo ilikubaliwa. Gari jekundu lilitokea katika mji wa ng'ambo wenye majengo marefu na barabara isiyo na mtu, likaanza kukimbia. Wanaume ishirini na kitu walilitazama.

"Linakwenda wapi?" mmoja aliuliza baada ya muda.

"Linazunguka."

"Kisha?"

"Likimaliza, linazunguka tena."

Darsono alirudisha kadi kwenye kopo. "Hata mimi nazunguka mchana kutwa," alisema. "Tena mimi nalipwa."

Walitoka mmoja mmoja, kila mtu na fungu lake la wali mkononi, wakimshukuru Rusmiyati kwa chakula. Alipowasindikiza mpaka barazani aliona kwamba hakuna aliyeelekea kwake. Wote walikata kona kuingia kichochoro cha pili.

* * *

Jumamosi asubuhi, Rusmiyati na Jumadi walifika dukani kabla halijafunguliwa. Faris aliitazama risiti, akaitazama kalenda ukutani, akavuta pumzi.

"Waranti iliisha Jumatano, Bu."

"Tumefungua jana."

"Kwa nini jana?"

Jumadi alitazama pembeni. Rusmiyati alisema, "Ilikuwa Legi."

Faris alikuwa Mjava kama wao, hakucheka. Alikuna shingo. "Mama yangu naye hivyohivyo. Pikipiki yangu ilikaa sebuleni mwezi mzima. Lakini Bu, hata mngekuja Alhamisi ileile, ningewaambia nini? Mashine si mbovu."

"Haisomi diski zetu."

"Haikuundwa izisome. Hii ndiyo modeli. Wamepunguza bei, na ili bei ipungue, lazima kitu kitoke."

"Kimetoka nini?"

Faris alimwonyesha ukucha wa kidole chake kidogo. "Kidude kama hiki, ndani. Ndicho kilichokuwa kinasoma za zamani. Na zile tundu mbili za kadi za mbele."

"Kitu kama hicho hakiwezi kuwa ghali."

"Kwa moja, hapana. Kwa mamilioni, ndiyo. Kampuni inasema watu hawachezi tena za zamani."

"Iliwauliza akina nani?"

"Sijui, Bu."

"Ilikuja Klaten?"

Mteja mmoja nyuma yao aliguna kicheko, na Jumadi akamgusa mkewe kiwiko, waondoke. Rusmiyati hakuondoka.

"Basi turudishie Bonge zetu. Chukua hizi."

"Hizo mkishakata utepe ni mitumba. Nitazichukua kwa bei ya mitumba. Na Bonge zenu hazipo. Zilikaa hapa usiku mmoja tu. Siku hizi zinatafutwa kama dawa, kwa kuwa hazitengenezwi tena."

"Kachukua nani?"

"Mzee mmoja wa huko kwenu, mstaafu. Alitaka nusu ya bei nipokee majogoo." Faris alitikisa kichwa. "Nikamwambia hili duka la umeme, Pak."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jumadi ndiye aliyezungumza kwanza, walipofika kwenye reli.

"Kumbe ndiyo maana alikula paja bila aibu."

Rusmiyati alimkuta baba yake uani, anakata kucha.

"Baba, yule jogoo ulipewa na nani?"

"Wiryo."

"Ulimpa siku gani?"

"Ijumaa Legi."

"Siku yetu?"

"Siku haina mwenyewe. Yeye na mumeo hesabu yao inaangukia pamoja. Nimwambie uongo?"

"Amefungua gemu, Baba. Kwa Bonge zetu. Na sisi tumemla jogoo wake kwa kumwombea."

Mbah Kasno aliikata kucha aliyokuwa ameianza, akaitupa. Upepo ulileta sauti kutoka kichochoro cha pili: mtangazaji alikuwa anamwuliza beki kama amekuja uwanjani kufuga mbuzi. Kicheko kilifuata, cha watu wengi. Mzee alisikiliza mpaka kikaisha.

"Basi ukubali kitu kimoja," alisema. "Siku ilikuwa njema."

* * *

Pak Triyono, mwenyekiti wa mtaa, alikuja siku chache kabla ya Siku ya Uhuru. Kila tarehe kumi na saba Agosti, mbali na mashindano ya kula mkate wa kuning'inizwa na kupanda mlingoti wa grisi, mtaa ulikuwa na kombe la akina baba. Lilichezwa kwenye chumba cha mbele cha Jumadi, kwa diski ileile, na kamati ilikodi chumba mchana kutwa. Triyono alikaa kwenye mkeka, akanywa chai mpaka majani.

"Msifikiri tunawahama," alisema.

"Hatufikiri," alisema Rusmiyati.

"Ni mashine tu. Watu wanataka ile sauti. Mtu akifungwa bila kutukanwa, haoni kama amefungwa."

"Tunaelewa, Pak."

"Na Pak Wiryo anaomba Jumadi aende kumsaidia siku hiyo. Yeye mashine hazijui. Zinachemka."

Jumadi alikuwa ameinamia gari jekundu lililokuwa linazunguka peke yake. "Aweke vizibo vya soda chini," alisema.

"Mwambie mwenyewe. Atakupa chakula."

Triyono alipoondoka, Rusmiyati alikusanya vikombe. Siku hiyo chumba kilikuwa kimepata mteja mmoja, mwalimu wa shule ya awali aliyemngoja mwanawe wakati wa mvua.

"Usiende," alisema Rusmiyati.

"Nisipokwenda, tutakula nini siku ya Uhuru?"

Mchele ulikuwepo, na umeme wa kuupikia; kitoweo hakikuwepo.

* * *

Tarehe kumi na saba, saa tisa alasiri, Jumadi alikuwa kwa Pak Wiryo, amechuchumaa nyuma ya Bonge tatu na kipepeo cha mianzi, akizipepea kama mtu anayechoma mishikaki. Rusmiyati alikuwa nyumbani na sufuria yake ya wali imeshachomekwa. Kutoka kichochoro cha pili alisikia mtangazaji anapanda sauti, mpira unakaribia goli, kisha kimya cha ghafla, kisha watu arobaini wakilalama kwa pamoja. Aliijua sauti hiyo. Hakuwa ameisikia tangu Nyembamba ziletwe.

Ilitokea tena. Na tena.

Baada ya mara ya nne, Bu Painah, mke wa Wiryo, alisimama mlangoni. Alikuwa amekumbatia sufuria ya umeme, kubwa kuliko ya Rusmiyati, waya umeviringwa juu ya kifuniko. Mchele ulikuwa ndani, na maji yake.

"Rus, mwenzangu," alisema. "Umeme wetu umenigomea."

"Poleni."

"Nikichomeka tu, inaanguka. Wananiita Mama Giza. Watu arobaini, kamati imeahidi chakula, na wali mbichi."

"Hao nawajua mimi."

"Nikopeshe soketi. Wiryo atakupa kuku."

"Kuku hapana," alisema Rusmiyati.

Bu Painah alibadilisha mkono wa kukumbatia sufuria. Ilikuwa nzito, na hakukaribishwa kuiweka chini.

"Unataka nini basi?"

"Bonge moja lirudi, Nyembamba moja iende. Moja kwa moja, hakuna nyongeza."

"Wiryo hatakubali."

"Bonge tatu umeme wenu hauzibebi, na kesho utataka kupika tena, na keshokutwa. Bonge mbili utazibeba. Mwulize Jumadi, yuko hukohuko kwenu anazipepea."

"Na hiyo Nyembamba itacheza nini?"

"Kuna gari jekundu. Natoa na diski yake."

Bu Painah alitazama ndani, kwenye zile taa tatu za buluu zisizo na kelele. Kutoka kwake zilisikika sauti zikidai wali, na safari hii jina lake likatajwa.

"Ngoja," alisema, akaweka sufuria kizingitini bila kukaribishwa, akaenda haraka.

Yaliyosemwa kati yake na mumewe hayakusikika. Kilichoonekana ni Jumadi akitokea kwenye kona na Bonge kifuani, bado la moto, amelifunga katika shuka. Rusmiyati aliitambua shuka. Nyuma yake alikuja Pak Wiryo mwenyewe kuchukua Nyembamba moja, na hakumwangalia mtu usoni. Nyuma ya Wiryo, Triyono aliyetangaza kwamba kamati imegawa makundi mawili, la pili lichezee kwa Jumadi. Na nyuma ya Triyono, Darsono, mkono kwenye mfuko wa shati.

"Hii ni mechi rasmi?" aliuliza Mbah Kasno kutoka chumba cha nyuma. "Leo siku gani?"

"Siku ya Uhuru, Mbah," alisema Darsono. "Hiyo haina hesabu."

Jumadi alipanga vizibo vinne, akakalisha Bonge juu yake. Rusmiyati alichomeka sufuria ya Painah kando ya yake. Bonge likanguruma. Darsono aliingiza kadi, ikazama mpaka mwisho, na kikosi cha idara ya kufuma kikajitokeza kwenye kioo, mchezaji mmoja baada ya mwingine, marehemu wawili wakiwa bado katikati ya uwanja, na Jumadi winga ya kushoto. Mtangazaji akawaomba radhi watazamaji kwa sura za wachezaji.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, Darsono alipata penalti. Aliuweka mpira. Chumba kikanyamaza.

Tek.

"Bu Rus," ilisema sauti mbele ya kioo kilichozimika, kwa furaha kubwa, "wali wako umetufunga goli."

Rusmiyati alitoka barazani, akainua swichi kuu. Alirudi jikoni. Akachomoa sufuria yake. Ya Painah akaiacha.